Halafu Ikawaje kwa Yule Kijana wa Niota?

Mama alimaliza kuandika jina lake, akalitazama, kisha akaniuliza kama ile "s" ya katikati imekaa vizuri.

Imekaa vizuri, mama.

Tulikuwa kwenye kaunta ya ofisi ya kuandikisha wapiga kura hapa Knoxville, jimbo la Tennessee. Kazi yangu siku hiyo ilikuwa ukalimani tu. Nilijitolea kumjazia fomu, akakataa. Huyu mama wa Burundi alijifunza kusoma na kuandika akiwa mtu mzima, kwenye kambi ya Mtabila kule Kasulu, na hakuwa tayari fomu yake ya kwanza ya uraia ijazwe na mkono wa mtu mwingine. Nilisubiri. Foleni nayo ilisubiri.

Tulipotoka akaomba tupumzishe miguu. Hatua chache kutoka Market Square kuna sanamu ya mama na mwanawe wa kiume, iliyosimikwa mwaka 2018. Akaizunguka polepole, mkoba kifuani, akaniuliza hawa ni akina nani.

Nikamweleza kama ninavyowaeleza wageni wote. Kwamba huyu ni Harry Burn, mwakilishi kijana kutoka Niota, kijimji cha milimani, na huyu ni mama yake, Febb. Kwamba mwaka 1920 Marekani nzima ilikuwa inasubiri jimbo moja tu ili wanawake wapate haki ya kura kikatiba, na Bunge la Tennessee likagawanyika nusu kwa nusu. Kijana alikuwa na barua ya mama yake mfukoni. Akasema ndiyo. Ikapita.

Mama akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akauliza, "Halafu ikawaje?"

"Halafu wanawake wakapata kura."

"Hapana, mwanangu. Huyu kijana. Halafu ikawaje?"

Sikuwa na jibu.

Ni wiki ya sita sasa swali hilo halijaniacha.

Mtoto wa stesheni

Nilipoanza kutafuta niligundua kwamba kisa chenyewe nilikuwa nakijua nusunusu.

Harry Thomas Burn alizaliwa Novemba 1895, wakati Niota bado ikiitwa Mouse Creek. Baba yake alikuwa msimamizi wa stesheni ya reli pale mjini. Mwaka 1916 baba akafariki, na Febb akabaki na shamba. Alikuwa mwanamke aliyesoma chuo, akifuatilia magazeti na siasa, na aliajiri vibarua ambao baadhi yao hawakujua kusoma. Wao waliweza kupiga kura. Yeye, mwenye shamba na mlipa mshahara, hakuweza.

Harry akachaguliwa mwaka 1918 kuiwakilisha wilaya ya McMinn katika Baraza la Wawakilishi la jimbo. Alikuwa na miaka 22. Alifanya kazi reli na alikuwa anajisomea sheria chini ya Herschel Candler, seneta wa jimbo kutoka Athens, makao makuu ya wilaya hiyo hiyo.

Posho ya mwakilishi, kwa mujibu wa katiba ya jimbo ya 1870, ilikuwa dola 4 kwa siku. Hakuna aliyeendea pale utajiri. Ukiwa mwakilishi wa mji mdogo ulichovuna ni kujulikana. Mtu aliyekupigia kura ulikutana naye stesheni, kanisani na dukani. Akikukasirikia, unakasirikiwa ana kwa ana.

Hilo nalijua vizuri, kwa sababu nimelelewa ndani yake. Nitalifikia.

Waridi jekundu

Agosti 1920 Gavana Albert Roberts aliita kikao maalumu mjini Nashville. Majimbo 35 yalikuwa yameridhia Marekebisho ya 19 ya Katiba, yale ya kura ya wanawake, na lilihitajika la 36. Hoteli ya Hermitage, chini kidogo ya kilima cha Bunge, ikajaa pande zote mbili. Waliounga mkono walivaa waridi la njano, waliopinga walivaa jekundu. Pombe ilikuwa imepigwa marufuku nchini lakini wapinzani wa hoja walikuwa na vyumba vyao ghorofani ambako haikukatika.

Seneti ilipitisha kwa urahisi tarehe 13, kura 25 kwa 4. Mmoja wa waliopinga alikuwa Candler, mwalimu wa Harry, tena kwa hotuba yenye maneno makali.

Tarehe 18 ikafika zamu ya Wawakilishi. Walikuwepo 96. Spika Seth Walker, aliyekuwa upande wa wanawake kisha akageuka, alitaka hoja iwekwe kando, yaani ife kimyakimya bila kupigiwa kura yenyewe. Kura zikahesabiwa: 48 kwa 48. Zikahesabiwa tena: 48 kwa 48.

Hapa ndipo wasimuliaji wengi huharakisha, nami nilikuwa nikiharakisha. Safari zote mbili, Harry Burn alipiga kura pamoja na Spika. Alikuwa na waridi jekundu kwenye koti. Mara mbili asubuhi ile ile alisaidia kuizika hoja, na barua ya mama yake tayari iko mfukoni.

Iko mfukoni, na bado akapiga kura ya kuizika.

Nimekaa na jambo hili kuliko lolote. Nilimtaka awe shujaa tangu alfajiri. Nilitaka barua isomwe, machozi yatoke, moyo ubadilike. Badala yake namwona kijana wa miaka 24, mdogo kuliko wote ukumbini, anayejua kwamba watu wa wilaya yake wamegawanyika, kwamba mwalimu wake amesimama upande mwingine, na kwamba uchaguzi uko Novemba. Hoja ikiwekwa kando anapona. Hakuna atakayeweza kumwambia alisema ndiyo wala hapana.

Spika ndiye aliyemfungia mlango huo. Alipoona sare ya pili, akaitisha kura ya hoja yenyewe akiamini kwamba sare nayo ingeiua. Majina yakaanza kusomwa kwa alfabeti. B iko mwanzoni.

Burn akasema ndiyo.

Kumbukeni pia kwamba neno lake peke yake halikutosha. Banks Turner, mkulima wa magharibi mwa jimbo, ndiye aliyekuwa ametengeneza ile sare kwa kukataa kuizika hoja, na yeye naye alipaswa kusema ndiyo mwishoni. Akasema. 49 kwa 47. Jina la Turner wachache wanalitaja, na mimi sikumtajia mama yule siku ile.

Barua

Karatasi za Harry Burn zimehifadhiwa hapa hapa mjini, kwenye Mkusanyo wa McClung, jirani kabisa na ile sanamu. Barua ya Febb ina kurasa saba, na sehemu kubwa ni habari za nyumbani, kama mama yeyote anavyomwandikia mtoto aliye mbali. Katikati ya habari hizo anamwambia apige kura ya kuwakubalia wanawake, asiwaache watu kwenye mashaka. Anasema ameiona hotuba ya Candler na ilikuwa chungu. Anasema amekuwa akiangalia magazetini ajue mwanawe amesimama wapi, na hajaona kitu.

Mwishoni anamwambia awe mtoto mwema na amsaidie Bi. Catt, yaani Carrie Chapman Catt, kiongozi wa kampeni ya wanawake. Ametia mchezo wa maneno pale ambao nimejaribu kuufasiri kwa siku tatu nikashindwa. Ukalimani una mahali unaponyoosha mikono.

Kilichonishika ni ile "sijaona kitu". Hamlaumu wala hamtishi. Anamwambia tu kwamba anamtafuta gazetini na hamwoni. Mimi ningeipata barua hiyo ningekosa usingizi.

Kesho yake

Wapo wanaosimulia kwamba baada ya kura alitoroka dirishani akajificha darini akikimbizwa na wenye hasira. Kisa hicho nakiacha. Kinamgeuza kichekesho, na kinafunika siku iliyofuata, ambayo kwangu ndiyo siku yake kubwa.

Alishutumiwa kwamba amehongwa. Tuhuma ikasambazwa. Mke wa aliyekuwa gavana wa Louisiana akasafiri mpaka Niota, akamtaka Febb aikane ile barua. Febb akakataa, akatuma telegramu kuthibitisha kwamba barua ni yake.

Na Harry akaingiza maelezo kwenye kumbukumbu rasmi za Baraza. Alisema amebadili kura kwanza kwa kuwa anaamini kura ni haki, na kwamba walikuwa na mamlaka ya kimaadili na ya kisheria kuridhia. Alisema anajua ushauri wa mama ndio salama zaidi kwa mwanawe kuufuata, na mama yake alitaka apige kura ya kuridhia. Alisema ni nadra binadamu kupata nafasi ya kuwatoa wanawake milioni 17 kwenye utumwa wa kisiasa, na yeye aliipata. Hakuficha pia kwamba alitaka chama chake kipate sifa.

Nilisoma maelezo hayo mara nyingi. Yamechanganyika, kama sababu za mtu yeyote mkweli zinavyochanganyika: imani, sheria, mama, nafasi ya historia, chama. Angeweza kuchagua moja iliyo safi. Aliziweka zote mezani, akaandikisha, akarudi nyumbani kwa watu wanaomfahamu kwa jina.

Novemba wakamrudisha bungeni.

Baba yangu alikuwa diwani

Kata yetu iko kando ya Ziwa Tanganyika, mkoa wa Kigoma. Nyumba yetu haikuwa na asubuhi ya peke yetu. Hodi ilianza kabla ya chai: mtu ana mgonjwa, mtu anadai mpaka wa shamba umesogezwa, mtu hana mbao za jeneza. Baba aliwapokea kwenye benchi chini ya mwembe, daftari gumu la bluu gotini, akaandika kila jambo. Jina kwanza, akiuliza linaandikwaje. Hata mtu ambaye amemjua miaka thelathini aliulizwa jina lake linaandikwaje.

Nilipokuwa kidato cha pili, ilikuja hoja ya kulihamisha soko la samaki kutoka mwaloni kulipeleka juu, karibu na barabara. Kina mama wa dagaa walikuja benchini. Wakamweleza baba kwamba kupandisha mzigo ule kilimani kila alfajiri ni kuwaua. Baba akaandika. Akawaambia, "Niko nanyi." Nilikuwepo, nimeshika birika.

Siku ya kikao alinyoosha mkono pamoja na wenzake wa chama. Hoja ikapita. Soko likahama.

Sijui kama kura yake ingebadili kitu. Nadhani isingebadili, hawakuwa sare. Kilichotuumiza nyumbani ni yaliyofuata. Baba hakushuka mwaloni. Wiki zikapita, alikuwa akienda mjini kwa njia ya juu, ndefu, yenye vumbi, ili asipite mbele ya wale kina mama. Benchi likapungua watu. Mama yangu alijaribu kumwambia nenda kawaeleze, chochote, hata kama ni kibaya. Baba akanyamaza.

Kwenye kura za maoni zilizofuata aliangushwa. Daftari likaingia kwenye sanduku la bati.

Nilidhani nimesahau. Kisha mama mmoja akaniuliza "halafu ikawaje" mbele ya sanamu.

Nilichomkosea mama

Kuna jambo jingine, nalo linanichoma kwa namna yake.

Nilimwambia, "wanawake wakapata kura." Nilimwambia hivyo mwanamke mweusi, katika jimbo la Kusini, mwenye kadi ya uraia mpya mkobani. Na haikuwa hivyo. Katiba ilibadilika Agosti 1920, lakini katika sehemu kubwa ya Kusini mwanamke mweusi akifika kujiandikisha alikuta kodi ya kura, mitihani ya kusoma, na vitisho. Sheria iliyovunja hayo kwa kweli ni ya mwaka 1965. Mwaka 1960 katika wilaya ya Fayette, magharibi mwa Tennessee hii hii, wakulima weusi waliojiandikisha walifukuzwa kwenye mashamba waliyokuwa wakilima kwa kugawana mavuno, wakaishi kwenye mahema wakati wa baridi.

Mahema. Mama yule ameishi kwenye hema. Angekielewa kisa hicho kuliko mimi ninavyokielewa.

Nilimpigia simu nikamwomba radhi, nikamsimulia habari za Fayette. Akakaa kimya kidogo. "Walijiandikisha hata hivyo?" akauliza. Walijiandikisha hata hivyo. "Basi," akasema.

Miaka 56

Halafu ikawaje, basi.

Aliishi. Hilo ndilo jibu, na ni refu.

Alitoka Baraza la Wawakilishi mwaka 1923, akawa wakili. Mwaka 1930 aliomba chama chake kimsimamishe kugombea ugavana, akashindwa. Akaoa, wakaachana, akaoa tena, akapata mtoto wa kiume. Akaingia kwenye shughuli za benki katika mji mwingine mdogo, Rockwood. Mama yake akafariki mwaka 1945. Mwaka uliofuata, katika wilaya yake ya McMinn, wanajeshi waliorudi kutoka vitani waliizingira kwa bunduki jela ya Athens ambako masanduku ya kura yalikuwa yamepelekwa yakahesabiwe kwa siri. Naliongeza hili kwa sababu watu hudhani milimani kule kura ilikuwa jambo la hotuba tu.

Mwaka 1949 akarudi Nashville, safari hii Seneti, mpaka 1953.

Na mwaka huo wa 1953 kuna jambo ambalo laiti ningelijua siku ile ningelimwambia mama kabla ya yote. Tennessee iliitisha mkutano wa katiba, wa kwanza kuifanyia mabadiliko katiba ya 1870 ambayo kwa zaidi ya miaka 80 haikuwa imeguswa. Burn alikuwa mjumbe. Mkutano huo ulipendekeza kifungu cha kodi ya kura kifutwe, na wapiga kura wakakubali. Mtu yule yule aliyesema ndiyo akiwa na miaka 24, sasa ana miaka 57, amekaa kwenye viti vigumu vya kamati akisaidia kuondoa kimoja kati ya vizuizi vilivyokuwa vimeachwa mlangoni. Hakuna barua mfukoni, mama amekwisha kufa, na hakuna waandishi wa New York hotelini. Hakuna sanamu ya siku hiyo.

Alikuwa mjumbe tena mwaka 1959 na 1965. Huu wa 1965 ulikuja baada ya Baker dhidi ya Carr, kesi ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuhusu mgawanyo wa majimbo ya uchaguzi, iliyoanzia Tennessee, ambako majimbo ya uchaguzi hayakuwa yamegawanywa upya tangu 1901. Wilaya za mashambani zilikuwa na sauti kubwa kuliko idadi ya watu wake. Wilaya ndogo kama yake zilikuwa na cha kupoteza hapo.

Alifariki Februari 1977, akazikwa Niota.

Nilipoiandika orodha hii kwenye simu yangu mara ya kwanza niliiona kavu. Siku hizi siioni hivyo. Miaka 56 alikuwa anakutana dukani na watu waliomkasirikia. Miaka 56 hakupita njia ya juu.

Niota

Jumamosi iliyopita niliendesha kwenda kuona. Ni karibu saa moja kutoka Knoxville. Mji una watu wasiofika elfu moja. Stesheni ya reli iliyojengwa mwaka 1854 bado imesimama, na ndani yake sasa mna ofisi za mji. Nikakaa kwenye gari kando ya reli. Treni ya mizigo ikapita, ndefu mno, nikahesabu mabehewa nikapotea hesabu.

Nikampigia baba.

Kigoma ilikuwa usiku. Nikamsimulia habari za Harry, zote, na zile kura mbili za asubuhi. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipofika kwenye maelezo ya kesho yake, nikamwuliza kuhusu soko.

Akakohoa. Nikadhani atakata simu.

"Niliogopa," akasema. "Walikuwa wamekwisha kuhesabiana, na mimi sikutaka kuonekana peke yangu. Nilipotoka pale nikasema nitashuka kesho niwaambie. Kesho ikawa keshokutwa. Ikishapita wiki huwezi tena, mwanangu. Unaanza kwa kueleza nini, kura au wiki?"

Nikasema sijui, baba.

"Wengine bado wako. Wawili watatu." Nikasikia kitanda kinalia, nikasikia anatafuta kitu gizani. "Huo mji wa huyo kijana umesema unaitwaje?"

"Niota."

"Subiri nichukue kalamu. Linaandikwaje?"